Mswada wa Nafuu ya Alnashir

Jumamosi, 15 Juni 1974

Nimeamua kuandika, kwa sababu nikiyasema haya kwa mdomo nitagombana na nyumba nzima. Naandika Kiswahili makusudi. Kiingereza watoto watakisoma, Kigujarati Mama atatafuta jirani amsomee. Kiswahili humu ndani tunakisema sote, lakini hapana mwenye subira na mwandiko wangu.

Barua ya Bwana Naftali imefika asubuhi. Naftali ni wakili wa mdogo wangu Alnashir, kule Ohio, Marekani. Alnashir aliondoka Unguja mwaka sitini na mbili kwenda kusoma uhandisi. Baada ya Mapinduzi duka la Baba likachukuliwa, fedha za masomo zikakatika, naye akaacha chuo akaingia kiwandani. Mwanafunzi asiyesoma, kwa sheria ya Marekani, hana ruhusa ya kukaa. Pasipoti yake imekwisha muda na hakuna nchi inayosema kijana huyu ni wangu. Mimi, Mama na watoto tuliingia Uingereza kwa mgongo wa mume wangu Shiraz, ambaye pasipoti yake ni ya Kiingereza. Alnashir hana mgongo wa kupanda. Amri ya kumwondosha Marekani imeshatolewa, ila hakuna aliyesema aondoshwe apelekwe wapi.

Kesi imepanda ngazi zote. Jaji wa uhamiaji alikataa. Bodi ya rufaa ikakataa. Majaji watatu wa mahakama ya rufaa wakaandika maneno mengi mazuri, na mwisho wakasema huruma tunayo, uwezo hatuna. Sheria imetungwa na bunge, nendeni mkaliulize bunge. Sasa Naftali anasema ile Mahakama ya Juu kabisa, ya Washington, nayo imejibu. Haikuikataa kesi. Imekataa kuisikiliza. Haikutoa sababu, wala si lazima itoe.

"Hiyo ni tofauti kubwa," Shiraz akasema, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, kama mtu anayesoma matokeo ya kriketi. "Kukataa ni jambo moja. Kutosikiliza ni jambo jingine."

"Kwa Alnashir tofauti iko wapi?" nikamuuliza.

Akasema kisheria ipo.

Mama alikuwa kitini pake karibu na dirisha, kichwa kaelekeza kwenye sauti zetu. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho na sasa anatuona kama vivuli. Akauliza, "Mkubwa wa pale ni nani?"

"Hakuna mkubwa mmoja, Mama," Shiraz akamjibu. "Wamegawana."

"Wamegawana nini?"

"Ukubwa."

Mama akafikiri. "Nyumba ya hivyo," akasema, "hata chai haipikiki."

Jumapili, 16 Juni

Mvua. Magazeti ya Jumapili mazito, mgongo unauma. Shiraz kaeleza habari za Marekani kwa kila aliyeingia kwenye duka letu la magazeti hapa Tooting, hata mzee aliyetaka kiberiti tu.

Jumanne, 18 Juni

Hospitali. Daktari ni kijana mpole. Akasema macho ya Mama yanaweza kufanyiwa operesheni mwezi ujao, jicho moja kwanza, na ataona. Nilifurahi mpaka nikamshika Mama mkono. Akautoa.

"Mwambie sitaki."

"Mama, anasema utaona."

"Nifunguliwe macho nimwone nani? Nyuso za humu nishazijua. Akija mwanangu, nitafunguliwa."

Ilinibidi nimtafsirie daktari. Nilimwambia mama anaomba muda. Njiani, ndani ya basi, sikumsemesha. Yeye akawa anasemezana na mwanamke wa Kijamaika aliyekaa kando yake, kila mmoja kwa lugha yake, na walielewana kuliko tunavyoelewana sisi.

Jumatatu, 24 Juni

Barua nyingine ya Naftali. Huyu bwana hatozi ada, kanisa moja la kule ndilo lililomwomba, kwa hiyo sina haki ya kumnung'unikia. Naandika ili ninung'unike hapa.

Ameshampata mbunge wa kubeba jambo letu. Kule Marekani, anasema, bunge linaweza kutunga sheria kwa ajili ya mtu mmoja tu. Mswada upo tayari na una jina: Mswada wa Nafuu ya Alnashir. Nilipomsomea Mama, aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena.

"Sheria nzima," akasema, "ya mwanangu."

Ikitungwa, Alnashir atapata kibali cha kukaa na hati ya kusafiria, aweze kuja kutuona. Bado si sheria. Mswada unaanzia kamati ndogo ya uhamiaji. Ukipita unakwenda kamati kubwa ya sheria. Ukipita unakwenda Baraza la Wawakilishi zima. Ukipita unahamia Seneti, ambako kuna kamati ndogo yake na kamati kubwa yake. Ukipita kote huko, anapelekewa Rais atie sahihi. Maadamu mswada uko hai, idara ya uhamiaji inangoja. Lakini bunge lao hili linamaliza muda mwisho wa mwaka, na kila mswada ambao haujafika hufa siku hiyo. Mwaka mpya unaanza upya, kama haukuwahi kuwapo.

Na sasa sikiliza. Kamati kubwa ya sheria, ambayo Alnashir lazima apite mlangoni kwake, ndiyo hiyohiyo inayomchunguza Rais wao kama ashtakiwe au asishtakiwe. Wajumbe hawana nafasi. Naftali anaomba tuwe wavumilivu.

Katika kamati zote za dunia hii, mdogo wangu amepangwa foleni nyuma ya Rais wa Marekani.

Jumanne, 2 Julai

Mama anataka kumwandikia Rais.

Nimemweleza kwamba Rais hawezi kumpa Alnashir kibali kwa kutaka kwake. Akasema Sultani angeweza. Nikasema hatuna Sultani. Akasema hata waliomtoa Sultani wangeweza, walikuwa wakiandika kijikaratasi tu, mtu anafungwa au anafunguliwa. Na hilo ni kweli.

Nikamwita Talib anisaidie. Talib ni mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, Mpemba, anakata tiketi kwenye kituo cha treni. Zamani alikuwa karani wa mahakama Unguja. Baada ya Mapinduzi walimweka ndani muda mrefu bila shitaka. Ni mtu wa kununa. Anakula peke yake, analipa kodi kwa wakati, na akiulizwa jambo hujibu kama aliyeamshwa.

"Bi Khatun," akamwambia Mama, "usijichoshe. Mahakama, bunge, vyote ni kanzu. Mwenye nguvu huivaa akenda kwenye sherehe, akirudi nyumbani huivua."

Nilitaka amtulize, si amvunje moyo. Mama hakuvunjika. Alimwambia basi amwandikie huyo mwenye kanzu. Talib akapanda ngazi akaenda zake. Barua nimeiandika mimi, kwa Kiingereza changu cha skuli, na nimeipeleka posta nikiona haya.

Ijumaa, 5 Julai

Hakuna barua.

Jumanne, 9 Julai

Hakuna barua. Baridi mwezi wa saba. Hospitali wamepiga simu kuuliza kama tumeamua. Mama amejifanya amelala.

Jumapili, 14 Julai

Alnashir alipiga simu mchana, tulipokuwa mezani. Mama akaongea kwanza. Alimuuliza kama anakula, kama ana koti, kama mswada wake hajambo. Kisha nikachukua mimi, nikavuta waya mpaka kwenye ngazi.

"Dada Lila," akasema, "nimechoka. Nitamwambia Naftali aache. Wakitaka kuniondosha waniondoshe."

"Wakupeleke wapi?"

"Popote."

"Hakuna mahali paitwapo popote, Alnashir. Pangekuwapo tungehamia sote."

Nilisikia mashine nyuma yake, alikuwa anapigia kiwandani. Akasema kila asubuhi akiona gari limesimama nje ya nyumba anabaki kitandani mpaka liondoke. Akasema Wamarekani kiwandani wote wanaongea habari za Rais tu, nani anasema uongo na nani ana kanda za sauti, na yeye anawasikiliza kama mtu anayesubiri msiba wa jirani uishe ili naye azike wake.

Nilimwambia Mama amekataa operesheni kwa ajili yake. Sikupaswa kumwambia. Nilikuwa nimewakasirikia wote, yeye, Mama, kamati. Akasema, "Basi sasa macho ya Mama nayo yako ndani ya mswada," na simu ikakatika. Sijui ilikatika yenyewe au aliikata.

Nilirudi mezani. Shiraz alikuwa anamweleza Mama kwamba majaji wa Marekani hukaa kazini maisha yao yote ili wasiogope mtu. Nilimwambia afunge mdomo. Mbele ya watoto.

Alhamisi, 25 Julai

Lazima niandike ya leo taratibu.

Magazeti yalifika yakiwa na habari moja. Ile Mahakama ya Juu, iliyokataa kumsikiliza Alnashir, jana ilitoa hukumu kwamba Rais azitoe zile kanda za sauti zilizorekodiwa ofisini kwake. Alikuwa amesema ni zake, na kwamba mahakama haiwezi kumwamuru. Wakamwamuru. Majaji wanane, wote kwa kauli moja, na watatu kati yao aliwateua yeye mwenyewe.

Mimi jambo la kwanza lililonijia ni hasira. Rais wamepata wakati wa kumsikiliza, tena upesi upesi katikati ya likizo yao. Mdogo wangu wamemjibu kwa mstari mmoja.

Talib aliingia dukani akiwa na sare ya kazi. Kila siku hupita moja kwa moja. Leo alisimama mbele ya magazeti. Akachukua moja, akalisoma palepale amesimama, ukurasa mzima, kisha akafungua ndani akaendelea. Wateja walikuwa wanampita pembeni. Shiraz alinitazama.

"Bwana Shiraz," Talib akasema mwishowe, "hawa watatu. Walioteuliwa na yeye. Hapa pameandikwa kweli?"

"Kweli."

"Na wamefanywa nini?"

"Hawakufanywa kitu. Wamekwenda nyumbani kula."

Talib akalikunja gazeti vizuri kama shati. Shiraz akaleta kigoda, na Talib, ambaye hajawahi kukaa na sisi hata siku ya Idi, akakaa. Akasema kwa sauti ya kawaida, akiwa anaangalia sakafu:

"Jaji wangu nilimfanyia kazi tangu nikiwa kijana. Usiku waliponichukua nilijua asubuhi atauliza, karani wangu yuko wapi. Hakuuliza. Nikawa namchukia miaka yote hii. Lakini angemuuliza nani? Hakukuwa na mlango wa kubisha. Yule mtu hakuwa mwoga, Bi Lila. Alikuwa peke yake."

Nilimtilia chai. Aliinywa yote, akalilipia gazeti ingawa nilimkataza, akaenda kituoni akiwa amechelewa.

Nimemnung'unikia mtu huyu miaka mitatu kwa kuwa hasemi asubuhi njema.

Jumatano, 31 Julai

Kamati kubwa imemaliza kupiga kura juu ya Rais wao. Wamekubali mashitaka matatu. Mama akauliza, "Wameshamaliza? Basi sasa wamchukue Alnashir."

Nikamwambia si hivyo. Kisha nikawaza, kwani si hivyo?

Ijumaa, 9 Agosti

Rais wao amejiuzulu. Magazeti yamekwisha kabla ya watoto kuamka, na Shiraz amewauzia watu hata ya jana.

Baadaye Mama akaniita. "Lila, huyu aliyeondoka si ndiye niliyemwandikia?"

"Ndiye, Mama."

"Sasa barua yangu ameifungua nani?"

Nimekwenda kukaa stoo, kati ya maboksi ya bisikuti, nikacheka mpaka nikalia.

Jumatano, 14 Agosti

Naftali amepiga simu, hakungoja barua. Kamati ndogo imeupitisha mswada. Kamati kubwa nayo imeupitisha, pamoja na miswada mingine ya watu mmojammoja kama Alnashir, baada ya kazi yao ile kwisha. Jumanne ijayo utasomwa mbele ya Baraza zima.

Utaratibu wake huu hapa, na nimemfanya anieleze mara mbili. Miswada ya watu binafsi haijadiliwi. Karani husoma jina, na kama hakuna anayepinga, umepita. Wakipinga wawili tu, unarudi kamatini. Na viko vyama viwili, kila kimoja kimeweka wajumbe ambao kazi yao ni kuisoma miswada hii na kutafuta sababu ya kupinga.

"Kuna watu wameajiriwa kupinga?" nikamuuliza.

Akasema lazima awepo mtu wa kusoma, maana wengine hawasomi.

Shiraz akamweleza Mama. Tangu hapo Mama anawaita wapingaji hao "wale wawili". "Wale wawili wameamka saa hizi?" "Wale wawili wana watoto?" Anawaombea dua. Sijui kama ni dua njema.

Jumatano, 21 Agosti

Karani alisoma jina la Alnashir. Mjumbe mmoja akasimama akaomba mswada uahirishwe, hana kinyongo nao. Ndivyo wanavyosema kule, na hayo ndiyo maneno rasmi: umerukwa bila kinyongo.

Nilimuuliza Naftali maana yake. Akasema mjumbe yule anataka muda wa kusoma faili, si jambo baya, utarudi zamu nyingine. Nikamuuliza lini. Akasema Baraza linakwenda likizo. Likirudi, mwezi wa tisa, pengine.

Nilimwambia Shiraz nikiwa nimejitayarisha kwa mhadhara. Akatoka nyuma ya kaunta, akageuza kibao cha mlangoni, akafunga duka mchana kweupe. Mtu huyu hakufunga duka hata siku mimi nilipojifungua. Akakaa juu ya rundo la magazeti yasiyouzwa, ya kurudisha, akavua miwani.

"Nilimwahidi marehemu baba yako," akasema. "Nilimwambia nitamleta mwanawe kwa mama yake. Kila siku nasoma, nasoma, nikidhani nikiuelewa mtambo huu vizuri nitaona pa kuutia mkono. Nimeuelewa, Lila. Hakuna pa kutia mkono."

Nilikuwa nadhani anafurahia mchezo. Nilikaa naye pale mpaka watu wakaanza kugonga kioo.

Jumatatu, 26 Agosti

Sikukuu ya benki, siku ya mapumziko hapa Uingereza. Mvua. Bunge likizo.

Jumamosi, 31 Agosti

Mvua. Likizo.

Jumapili, 8 Septemba

Mama leo angekufa.

Nilikuwa jikoni. Alisema anakwenda kulala. Kumbe alikuwa amemwandikisha binti yangu barua tangu juzi, akaificha ndani ya mtandio, na sasa alishuka ngazi peke yake, akapita mlango wa pembeni, akaenda kuitia kwenye sanduku la posta ng'ambo ya barabara. Haoni. Alivuka kwa kusikiliza. Gari la mkate lilifunga breki na kupanda juu ya kingo za njia. Talib alikuwa anarudi kutoka kazini. Aliacha mfuko wake katikati ya barabara akamshika Mama mabega, na ndivyo nilivyowakuta: Mama amesimama wima kama askari, vitunguu vya Talib vimetawanyika, na dereva ameketi kwenye ngazi ya gari lake, uso mweupe kama unga.

Barua alikuwa nayo bado. Bahasha imeandikwa: Kwa Wale Wawili, Bunge, Washington.

Nilimleta ndani, nikamfokea. Sijawahi kumfokea mama yangu. Nilimwambia ana hospitali ya kumtibu bure, ana daktari mpole, na amechagua upofu kama mtoto anayegoma kula. Nilimwambia macho yake hayamsaidii Alnashir kitu, yanamwongezea mzigo, na kwamba nimechoka kuwa mtoto aliyepo. Nilisema hivyo. "Miye ndiye niliyepo, Mama, na hutaki kunitazama."

Watoto walikuwa mlangoni. Talib alikuwa anaokota vitunguu nje, anasikia kila neno.

Mama alikaa akipapasa kingo za bahasha. Nilipoondoka bado alikuwa anazipapasa.

Jumatatu, 9 Septemba

Hatusemezani. Barua yake nimeitia posta asubuhi. Nimeongeza juu jina la mbunge aliyebeba mswada wetu, ili ifike mahali.

Jumanne, 17 Septemba

Leo mwandamo wa Ramadhani, wengine wameanza kufunga. Talib amefunga. Tangu siku ile anakula nasi, na jioni nilimwekea tende na uji. Alikuwa ameinua kikombe simu ilipolia.

Alikuwa Alnashir. Hakuweza kusema vizuri. Mwanzo nilidhani wamemchukua.

"Umepita," akasema. "Dada, umepita. Karani kasoma jina, hakuna aliyesema kitu. Umepita."

Nilirudia kwa sauti. Shiraz akakaa chini. Talib akaweka kikombe, akakichukua, akakiweka tena. Mama peke yake hakutikisika. Akanyoosha mkono apewe simu, akamsikiliza mwanawe, akasema, "Kula kwanza, utalia baadaye," akaurudisha mkonga wa simu.

Kisha akaniita. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu ile Jumapili.

"Lila. Humo mlimosomwa jina lake. Wamo watu wangapi?"

"Baraza zima ni watu mia nne na zaidi, Mama."

"Na kila mmoja angeweza kusimama akasema hapana?"

"Kila mmoja."

"Na wale wawili, wenye kazi hiyo?"

"Na wao."

"Wakanyamaza wote?"

"Wote."

Chai ilipoa mbele yake. Talib alikuwa ameacha kutafuna.

"Hawamjui," Mama akasema. "Hawajui hata kulitamka jina lake. Unguja tulikuwa tukimjua kila mtu, na hakuna aliyenyamaza kwa ajili yetu. Walinyamaza kwa kuogopa kuonekana wenzetu." Akajifuta pua kwa pembe ya mtandio. "Mia nne wasiomjua. Mwambie yule daktari nakuja."

Jumatano, 25 Septemba

Barua ya Naftali, yenye maelezo kamili. Anasema siku ile ukumbini walikuwamo wajumbe kama thelathini hivi. Wengine walikuwa wanasoma magazeti, mmoja alikuwa amesinzia. Karani alisoma upesi sana. Mjumbe aliyeuruka mswada mwezi uliopita alikuwa amesoma faili na kuridhika, akakaa kimya, na jambo zima lilikwisha kabla Naftali hajapata kalamu yake.

Nimemsomea Mama barua yote isipokuwa hapo.

Shiraz aliona nilivyoruka. Tulipobaki wawili alisema, "Umeuruka bila kinyongo." Nikamwambia aende akapange magazeti.

Alhamisi, 10 Oktoba

Jana walimfungua bandeji. Jicho la kulia tu, la kushoto litafuata. Wamempa miwani mizito ya muda, nesi akamwekea sawa puani. Aliyumba kidogo. Akaangalia dirisha, akaangalia mkono wake, mbele na nyuma.

Kisha akaniangalia mimi. Alichukua muda. Nikaona haya, kama msichana anayekaguliwa kabla ya kwenda harusini.

"Una mvi," akasema.

"Ninazo, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu muda."

Akanishika kidevu, akanigeuza upande wa mwanga, akanitazama upande ule, akanirudisha akanitazama upande huu. Hakusema samahani na mimi sikuitaka. Alinitazama mpaka nesi akaja na chai, na hata nesi aliposimama pale na kikombe, Mama hakuondoa jicho.

Naftali ameandika tena. Bunge linakwenda likizo ya uchaguzi, na Seneti haitaugusa mswada mpaka watakaporudi Novemba. Ina kamati ndogo yake. Ina kamati kubwa yake. Wakichelewa, Desemba mswada unakufa. Alnashir bado hawezi kulala gari likisimama nje. Nilimweleza Mama yote ndani ya teksi, taratibu, sikumficha kitu.

Alikuwa anasoma mabango ya maduka ya Tooting kupitia dirishani, herufi moja moja.

"Hao wa Seneti," akauliza, "wako wangapi?"

"Mia moja."

"Mia moja tu," Mama akasema, akaisukuma miwani juu ya pua. "Hao wachache. Nipe majina yao nianze."